Kizingiti cha Sentimita 42

 

Barua ya juma hili imetoka Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, kwa dada yetu mmoja mzaliwa wa Malindi aliyehamia huko pamoja na mumewe kwa sababu ya kazi. Anaeleza kwamba mavyaa wake, mtu mzima mwenye maradhi ya magoti na anayetembea kwa mkongojo, aliletwa kwao kwa gari moshi hadi kituo cha Athi River ili awe karibu na matibabu. Nyumba wanayopanga iko chini, haina ghorofa ya kupanda, na hilo ndilo lililowafurahisha walipoichukua. Lakini sakafu yake imenyanyuliwa juu ya ujia wa ploti, na mlangoni pana kizingiti ambacho dada amekipima: sentimita 42. Mbele yake mwenye nyumba aliweka jiwe moja la kujengea, na mama huyo hawezi kulipanda. Vijana wa jirani walijitolea kumbeba juu ya kiti cha plastiki, naye akakataa katakata kushikwa na wanaume wasio maharimu zake. Tangu Shaabani hajatoka nje. Idi imempita akiwa dirishani. Mwanawe akamchongeshea kidato cha mbao, na siku ya nne mtoto wa jirani akajikwaa nacho gizani, akapasuka mdomo. Sasa jirani anataka kidato kiondoke, mwenye nyumba naye anataka vivyo hivyo, na dada anauliza mambo mawili: je, wana haki ya kukiweka pale ujiani? Na kidato kinachofaa ni cha namna gani?

Huenda msomaji akaona kwamba suala la pili ni la seremala, wala si la sheikh. Mimi sioni hivyo. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na Imamu Bukhari akaipokea riwaya yake, kwamba walipokuwa wakirejea kutoka Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliketi kando ya ngamia wake akaliweka goti lake, na Bibi Safiyya (r.a.) akaukanyaga kwa mguu wake goti hilo hata akapanda. Tuitafakari picha hiyo polepole. Mbora wa viumbe, tena akiwa amiri wa jeshi, hakuona haya mbele ya watu kuligeuza goti lake kidato. Wala hakumnyanyua mkewe kama mzigo. Alimpa mahali imara pa kukanyaga, akapanda mwenyewe kwa nguvu zake na kwa sitara yake. Tofauti hiyo ya kumbeba mtu na kumpa pa kukanyaga ndiyo hasa anayoililia mama yetu wa Kitengela, ingawa wanaomzunguka wameisikia kama ukaidi wa uzee.

Hata mimbari tunayoiona kila Ijumaa asili yake ni vidato vya mbao. Katika hadithi ya Sahl bin Saad (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimpelekea ujumbe mwanamke mmoja wa Kiansari ili seremala wake amtengenezee mahali pa kukaa anaposema na watu. Zikatengenezwa daraja tatu za mti wa athli kutoka msitu wa Al-Ghaba. Akaswali juu yake watu wakimwona, akashuka kinyumenyume kwenda kusujudu chini, kisha akapanda tena. Basi kazi ile ya mbao ilisimamiwa na nyumba ya mwanamke, na mama zetu wasidhani kwamba kumwagiza fundi kidato na kumweleza vipimo ni jambo lisilowahusu.

Na kuhusu Idi iliyompita: Ummu Atiyya (r.a.) amepokea kwamba wanawake waliamrishwa watoke siku ya Idi, hata wenye hedhi, washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Mmoja akauliza juu ya asiye na jilbabu, na jawabu halikuwa kwamba abaki nyumbani; jawabu lilikuwa kwamba dada yake amwazime. Kikwazo kiliondolewa, mtu akatoka. Sentimita 42 za zege haziwezi kuwa udhuru mzito kuliko kukosa nguo.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Sisi wa pwani tumezoea nyumba za mawe zenye baraza mbili mlangoni, zinazotazamana chini ya daka. Mzee akifika huketi, hupumzika, hushika ukingo wa baraza, kisha huinuka akaingia. Baraza ni kiti na ni kishikio kwa pamoja. Kitengela hakuna daka. Ardhi ya tambarare zile ni udongo mweusi unaonata, ambao hufura mvua inyeshapo na kupasuka wakati wa kiangazi, na wajenzi hunyanyua sakafu ili maji yasiingie ndani. Yeyote aliyeyaona maji yakifunga barabara za huko katika mvua za masika ya 2024 hatawalaumu kwa hilo. Ila wanyanyuapo sakafu husahau kwamba lazima mtu aifikie, na palipo na pengo hutupwa jiwe.

Jiwe lile lina kasoro mbili ambazo jicho la kijana halizioni. La kuchongwa lililo la kawaida huwa na inchi 9 kwenda juu na inchi 9 kwa upana, yaani karibu sentimita 23. Kiatu cha mtu mzima ni kirefu kuliko hapo, hivyo kisigino kinaning'inia hewani. Kisha, ukitoa sentimita 23 katika 42, zinabaki 19. Hatua ya kwanza na ya pili hazilingani. Mguu una kumbukumbu yake: ukipanda kimo fulani mara moja, unatarajia kimo kilekile mara ya pili, na tofauti ya vidole viwili inatosha kumwangusha mtu mwenye goti bovu.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kuchongesha chochote, chukua futi ya utepe upime kutoka chini hadi juu ya kizingiti, kisha ugawe kimo hicho sawasawa mpaka kila hatua iwe kati ya sentimita 12 na 16. Kwa dada yetu, 42 ugawe kwa tatu, unapata 14. Vinatakiwa vidato viwili, kimoja cha sentimita 14 na kingine cha 28, na hatua ya tatu ni kizingiti chenyewe. Ukigawa kwa mbili utapata 21 na kidato kimoja tu, ambacho ni rahisi kukichonga na kukibeba. Huenda ndicho kilichochongwa mara ya kwanza. Kwa goti lenye maradhi 21 ni kingi mno. Wako watakaomshauri aweke mteremko badala ya vidato. Ni ushauri mzuri kwa mwenye kiti cha magurudumu, lakini hesabu yake ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Sentimita 42 zinataka mteremko wa zaidi ya mita 5, na ujia wa ploti hauna nafasi hiyo. Mteremko mfupi kuliko hapo, ukilowa, ni mtelezo wa watoto.

Dada ametuandikia kwamba ujia una upana wa mita 1 na nusu. Vidato viwili vikitoka mlangoni moja kwa moja, kila kimoja na sentimita 40 za kukanyagia, vitakula zaidi ya nusu ya njia. Ndipo mtoto akajikwaa. Rai yangu ni kuvigeuza vifuate ukuta. Lichongwe jukwaa dogo la kimo cha sentimita 28 mbele ya mlango, lenye sentimita 75 kando ya ukuta na 60 kuelekea ujiani. Na ubavuni mwake, kando ya ukuta uleule, kidato cha sentimita 14. Mama atapanda ukuta ukiwa ubavuni mwake, atasimama juu ya jukwaa akiwa ametulia, atageuka, ataingia. Wapitao watabakiwa na sentimita 90. Jukwaa na kidato viwe vitu viwili mbalimbali, kila kimoja na matundu ya kushikia pande zote mbili, ili mwanamke mmoja aweze kukibeba bila kuumia mgongo, na vikiwekwa viunganishwe kwa ndoana visiachane. Na kama mlango wa chuma unafunguka kwa nje, ufunguliwe wote na utiwe kulabu kabla mama hajapanda, usije ukamsukuma kwa upepo. Kajiado si nchi ya upepo mchache.

Juu ya mbao nitasema kidogo tu. Mkaratusi ni mzito na mgumu, na uzito hapa ni sifa njema, kwa kuwa kidato chepesi hukimbia mguu. Zikazwe kwa nati, maana misumari hulegea mbao zinapokauka. Mafundi wengi hupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Na wapake, lakini chini na mbavuni tu, kamwe si mahali pa kukanyaga. Juu pagongelewe mpira wa gurudumu, na hili halihitaji duka kubwa: fundi wa akala katika soko lolote la Kitengela au Kajiado ana mpira huo na kisu cha kuukata. Udongo mweusi ukishika kiatu hugeuka utelezi, hivyo chini ya kidato cha kwanza pawe na gunia au kipangusio kigumu, na mpira uoshwe kila jioni ya mvua. Kingo za mbele zipakwe rangi nyeupe. Kama ujia haukusakafiwa, miguu ya kidato isigusie udongo moja kwa moja. Ilazwe mbao pana chini yake au zege jembamba, na baada ya kila mvua kubwa pimamaji iwekwe juu kuona kama pameinama. Asiye na pimamaji aweke bilauri ya maji.

Kishikio nakiona ni nusu ya kidato. Mkongojo peke yake hautoshi kwa mtu anayegeuka juu ya mahali palipoinuka. Bomba la chuma likazwe ukutani, au fundi wa kuchomelea atie shimo kwenye jukwaa la kuchomeka nguzo, na kimo chake kiwe usawa wa kifundo cha mkono wa mama mwenyewe akiwa amesimama na mkono ukining'inia. Apimwe yeye, wasipimwe wengine. Akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize ulio mbovu. Kwa mwenye fremu ya kutembelea yenye miguu minne vipimo hivi havitoshi: kila kidato lazima kienee miguu yote minne ya fremu pamoja na nyayo zake, na hapo jukwaa pana haliepukiki.

Barua inadokeza pia habari za ndani ya nyumba, nami nitazigusa kwa kuwa maradhi ni yaleyale. Mama huyo hutawadha kwa kuinua mguu hadi kwenye sinki, amesimama kwa mguu mmoja juu ya taili zilizolowa. Jambo hili likomeshwe leo kabla ya kesho. Apate kigoda cha kukalia, kipana na kizito, chenye mpira miguuni na kimo cha kumwezesha kuinuka bila kujisukuma. Beseni mbele yake na birika mkononi. Na kwa baridi ya huko ya mwezi wa Julai anaweza kuvaa khofu za ngozi baada ya kutawadha udhu kamili, kisha akapaka juu yake mchana na usiku mmoja akiwa mkaazi, pasi na kuvua wala kuinua mguu popote. Katika madhehebu yetu ya Shafii muda huo huanza kuhesabiwa tangu udhu unapotenguka baada ya kuzivaa, na khofu hizo sharti zifunike miguu hadi vifundoni na zisipenyeze maji. Soksi za dukani hazitoshi. Ni rukhsa, na rukhsa imewekwa itumiwe.

Vile vigoda vya plastiki vya kukunja vinavyouzwa madukani vina kazi yake, nayo ni kumfikisha mtu mwenye afya kwenye kabati la juu. Hivyo ni bora mno kuliko mbuzi ya kukunia nazi, ndoo iliyopinduliwa au mtungi wa gesi, ambavyo nimewaona mama zetu wakivipanda kwa ushujaa usio na thawabu. Kitazamwe uzito kilichoandikiwa, kikanyagwe ukingoni kwa mguu mmoja kabla ya kupandwa, na kisipandwe kwa soksi. Lakini hicho si kidato cha mlangoni, wala si kiti cha udhu. Kitu kimoja kisinunuliwe kwa kazi tatu. Na wanaoishi ghorofani wenye watoto wadogo wakumbuke jambo moja: kigoda anachopandia mtoto kunawa mikono ni kigoda hichohicho atakachokikokota hadi kwenye roshani. Mtume (s.a.w.) alituonya, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, tusilale juu ya dari lisilo na kizuizi. Kigoda kilicho karibu na ukingo wa roshani hukifanya kizuizi hicho kama hakipo. Kikitumika, kifungiwe.

Narejea kwenye haki ya njia, maana hapo ndipo penye ugomvi. Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj, mlango wa sulhu, ameeleza kwamba ni haramu kujenga baraza katika njia ya watu wote, na akataja kauli nyingine inayoruhusu ikiwa haidhuru. (Nafahamu kwamba wenye baraza zilizoingia vichochoroni watanitazama vibaya, hilo tuliachie siku nyingine.) Ama njia isiyopenya, inayohudumia nyumba maalumu, huko mtu hatokezi kitu ila kwa ridhaa ya wenzake wenye njia hiyo. Mimi nauona ujia wa ploti uko karibu zaidi na njia hii ya pili: ni mali ya mwenye nyumba, na wapangaji wote wana haki ya kupita. Kwa hiyo jawabu la swali la kwanza ni kwamba dada na mumewe hawana haki ya kuacha kitu ujiani usiku na mchana bila idhini ya mwenye nyumba na bila kuwasikiliza majirani, hata kama haja yao ni ya haki. Hadithi ya 32 katika Arubaini za Nawawi, inayokataza kudhuru na kudhuriana, haiko upande wa mama peke yake. Mdomo wa mtoto nao umo ndani yake.

Lakini hadithi hiyohiyo haimruhusu mwenye nyumba kusema kiondoke, kisha akanyamaza. Yeye ndiye aliyenyanyua sakafu na kuweka jiwe, naye anapokea kodi ya nyumba ambayo mkaazi wake hawezi kutoka. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, imewatambulia wazee haki ya kuishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Si vibaya akumbushwe kwa upole. Aombwe moja katika mawili: ama ajenge mwenyewe vidato vya zege kando ya ukuta kwa vipimo nilivyovitaja, ama aruhusu kidato cha kuhamishika kwa masharti. Cha kuhamishika si jengo, na katika hilo wasaa wake ni mkubwa zaidi: huwekwa mama anapotoka na anaporudi, kisha huingizwa ndani. Ugumu uko siku ambazo mama yuko nyumbani peke yake na hakuna wa kukiweka. Moto ukizuka, atatokaje? Kwa sababu hiyo naona jukwaa la kando ya ukuta, lenye rangi nyeupe kingoni na taa juu ya mlango inayowaka tangu Magharibi, lina haki ya kubaki pale daima iwapo mwenye nyumba ataandika idhini yake na majirani wakaridhia. Gharama ya taa na umeme wake ibebwe na nyumba ya mama.

Hayo yote yasiombwe kabla ya jambo jingine kutangulia. Mwenye kuweka kitu njiani pasipo idhini hudhamini madhara yatokanayo nacho, na kidato cha kwanza kiliwekwa bila idhini. Basi mume wa dada aende kwa jirani, si mkewe amwendee mke wa jirani, aulize gharama ya matibabu ya mtoto, ailipe yote, na kidato kile cha sentimita 21 akiingize ndani siku hiyohiyo. Akishamaliza, ndipo amweleze jirani habari za mama yake na kumwonyesha mchoro wa jukwaa jipya, wapime ujia pamoja kwa utepe mmoja. Barua ya kwenda kwa mwenye nyumba ikiwa na sahihi za wote wawili itasomwa kwa jicho jingine.

Wallahu aalam.